Inzi Sita wa Kuanzia Kuvua Trauti

Na mwanafunzi wa Kidato cha 4

Katika shule yetu wako wengi wanaojua voliboli na mbio, lakini wanaojua kuvua samaki kwa inzi wa bandia ni wachache sana. Kila nitajapo jambo hili bwenini huulizwa maswali yale yale. Inzi gani hao? Ni samaki gani atakayedanganywa na nyoya la kuku? Na msichana ana kazi gani mtoni? Mhariri ameniomba niyajibu yote mara moja, nami nafanya hivyo kwa furaha, maana ni kazi hii iliyonirudisha shuleni mwaka huu.

Kwanza yafaa nieleze inzi wenyewe. Inzi wa kuvulia ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya, sufu na uzi hata ikafanana na mdudu. Kenya ni moja katika nchi zinazofunga inzi hawa kwa wingi na kuwauza Ulaya na Marekani. Mama yangu ni mfungaji. Hukaa mbele ya jiliwa dogo, yaani kibano cha chuma kilichokazwa ukingoni mwa meza, akaibana ndoana humo, kisha akazungusha uzi na manyoya mpaka mdudu atokee. Hulipwa kwa dazani. Alianza kazi hiyo kabla sijazaliwa, walakini hata mwaka jana alikuwa hajapata kumwona samaki mmoja akimkamata inzi. Wafungaji wenzake wengi ndivyo walivyo. Wanayajua majina ya inzi mia, lakini mto wanaujua kwa kuupita juu ya daraja tu.

Katikati ya mwaka jana mama alirudishiwa dazani kadhaa na karakana moja anayoiuzia. Aliambiwa kuwa manyoya ni marefu kupita kipimo, wala hakulipwa hata senti. Karo yangu ikabaki na salio, na ilipofika likizo ya Agosti ilionekana wazi kuwa huenda nisianze kidato cha nne mwezi wa Januari. Ndipo baba mdogo alipokuja nyumbani. Yeye huwaongoza wageni wanaovua katika mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya. Huniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

"Mama," akaniambia, "mwezi wa Desemba nina wageni wengi, na wengine ni wanagenzi kabisa. Mimi siwezi kusimama na kila mmoja. Njoo nami mtoni likizo hii. Ukifika siku ya kumchagulia mgeni inzi bila ya kuniuliza mimi, nitakupa kazi, na karo utailipa mwenyewe."

Nikakubali. Hayo niliyojifunza ndiyo nitakayoyaandika hapa, ili mtu anayeanza asipotee katika wingi wa majina.

Samaki tunayemtafuta huitwa trauti. Si mwenyeji wa mito yetu. Trauti wa kahawia aliletwa mwaka 1905 kutoka Loch Leven, Uskoti, kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, akatiwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua, ambayo ramani nyingi huiita Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni upande wa magharibi wa Amerika ya Kaskazini, aliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Huyu wa pili ana ukanda mwekundu ubavuni, na ndiye tunayempata zaidi kwetu. Wote wawili hupenda maji ya baridi yenye hewa nyingi. Maji yakipata joto la zaidi ya digrii 20 hivi, trauti hudhoofu na kuacha kula. Kwa hiyo usimtafute mabondeni. Mtafute juu, karibu na msitu, ambako ukitia mguu majini asubuhi vidole vinakufa ganzi.

Siku ya kwanza baba mdogo hakunipa ufito. Alinipeleka mahali maji yanapokwenda mbio juu ya mawe, akaniambia niinue jiwe moja na kuligeuza. Chini ya jiwe walikuwapo vijidudu vyembamba vya rangi ya udongo, wenye mikia kama nywele, wakikimbia huku na huku. Hao ni tunutu, yaani wadudu wasioota mbawa bado. Hukaa majini muda mrefu, kisha siku moja hupanda juu, hupasua ngozi, na kuruka wakiwa na mbawa zilizosimama kama tanga. Jiwe la pili lilikuwa na vijumba vidogo vilivyoganda, vimejengwa kwa chembe za mchanga, na ndani ya kila kimoja mlikuwa na buu. Huyo naye hutoka akawa mdudu mwenye mbawa zilizolala mgongoni kama paa la nyumba. Penye maji matulivu tuliona viluwiluwi na kaa wadogo.

"Sasa umekwisha kusoma orodha ya chakula," akasema. "Duka la inzi lisikutishe. Inzi ni wengi kwa sababu wavuvi wanapenda kununua. Samaki anauliza mambo matatu tu: ukubwa wake, umbo lake, na mwendo wake. Rangi huja nyuma."

Neno hilo ndilo msingi wa yote. Mwanagenzi asianze kwa kuuliza ni inzi gani mzuri. Aanze kwa kuuliza samaki wa mahali hapa, saa hii, anakula nini, na anakula wapi: juu ya maji, katikati, au chini.

Baada ya hapo baba mdogo akanitaka nichague inzi sita tu katika boksi la mama. Nitawataja, pamoja na namba za ndoana zao. Ifahamike kwamba namba ikiongezeka ndoana hupungua: namba 16 ni ndogo kuliko namba 10.

Wa kwanza ni Pheasant Tail, namba 14 au 16. Alibuniwa na Frank Sawyer, mtunza mto wa Avon nchini Uingereza. Sawyer hakutumia uzi wowote. Alitumia nyuzi za mkia wa ndege aitwaye fesanti na waya mwembamba wa shaba, na waya huo ndio unaomzamisha inzi. Huyu ni mfano wa tunutu yule mwembamba tuliyemwona chini ya jiwe. Kwa kuwa sehemu kubwa ya chakula cha trauti iko chini ya maji, kama ningeambiwa nichukue inzi mmoja tu, ningemchukua huyu.

Wa pili ni Hare's Ear, namba 12, ambaye hufungwa kwa manyoya ya sikio la sungura. Umbo lake ni nene na lenye vinyweleo, hata aweza kudhaniwa kuwa tunutu mnono au buu. Hufaa maji yanapokwenda kwa nguvu, maana samaki hana nafasi ya kumkagua.

Wa tatu ni Adams, namba 14. Huyu huelea. Alifungwa mara ya kwanza mwaka 1922 katika jimbo la Michigan, Marekani, na Leonard Halladay. Rangi yake ya kijivu na kahawia haifanani kabisa na mdudu yeyote mmoja, lakini inakaribia wengi. Mtumie uonapo viduara juu ya maji, yaani pale samaki wanapodokoa wadudu wenye mbawa.

Wa nne ni Elk Hair Caddis, namba 14, aliyebuniwa na Al Troth wa Marekani. Ni mfano wa yule mwenye mbawa kama paa. Nywele za mnyama aliyefungwa nazo hushika hewa, kwa hiyo haelekei kuzama hata penye maji ya kuchafuka, na mwanagenzi humwona kwa urahisi.

Wa tano ni Kenya Bug, namba 10, mweusi, jina lake la kwetu. Huzama kidogo, na hufaa mahali miti inapoinamia mto, ambapo mbawakawa na wadudu wengine weusi huanguka majini.

Wa sita ni Woolly Bugger mweusi, namba 8 au 10, mwenye mkia wa manyoya laini unaochezacheza. Huyu si mfano wa inzi hata kidogo. Kwa samaki ni kiluwiluwi, au kaa, au kisamaki kinachokimbia. Ni wa maji ya kina na maji yaliyochafuka.

Kuchagua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpeleka inzi kwa samaki. Inzi hana uzito, kwa hiyo hawezi kutupwa kama jiwe. Kinachotupwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, nao humchukua inzi. Kati ya mshipi na inzi hufungwa uzi wa nailoni usioonekana sana, wa futi 9 hivi, unaozidi kuwa mwembamba kuelekea mwisho. Uzi hupitishwa katika tundu la ndoana, huzungushwa juu yake mwenyewe mara tano, ncha hurudishwa katika kitanzi kilicho karibu na tundu, fundo hulowanishwa kwa mate, kisha hukazwa polepole. Fundo likikazwa kavu uzi huungua na kukatika.

Ili kutupa, uwazie uso wa saa ubavuni mwako. Ufito wako uende nyuma mpaka penye alama ya 1, usimame, ungoje mshipi unyooke nyuma yako, kisha uje mbele mpaka penye alama ya 10, usimame tena. Kungoja huko ndiko kugumu kuliko yote. Baba mdogo alinifundisha nihesabu "moja na" kabla ya kuleta mkono mbele. Nilifanya mazoezi nyasini asubuhi nzima, nikiwa nimefunga kipande cha sufu mahali pa inzi, ndama wakinitazama. Penye miti nyuma yako hapana nafasi ya kurusha hivyo. Hapo hubingirishwa mshipi juu ya maji kwa kupiga ufito mbele mara moja.

Trauti hukaa akielekea juu ya mto, kwa sababu chakula huja na mkondo. Basi ukaribie kutoka nyuma yake, chini ya mto, na kwa kunyata. Mtupie inzi mbele yake aje kwa mwendo ule ule wa maji. Tazama jani linaloelea: inzi wako akienda sawa na jani, samaki atamwamini, na akivutwa na mshipi hata akaacha mkia wa maji nyuma yake, samaki atamwacha. Hii ndiyo maana ya mwendo. Inzi anayezama naye hufuata sheria hiyo, lakini kwa kuwa humwoni, tazama ncha ya mshipi. Ikisita, inua ufito. Woolly Bugger peke yake ana ruhusa ya kukimbia: mtupe kuvuka mto, mwache azame, kisha mvute kwa vipande vifupi.

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, ncha ya mshipi ilisita mbele ya jiwe kubwa. Nikainua ufito, nao ukapinda na kutetemeka mkononi mwangu kama kitu chenye moyo. Alikuwa trauti wa upinde wa mvua, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kifundo. Inzi alikuwa Pheasant Tail namba 14, aliyefungwa na mama.

Jioni ile nilimweleza mama kila kitu, nikamwuliza kama bado anao wale inzi waliorudishwa. Walikuwamo ndani ya kopo. Tukatia maji katika karai, nikamweka juu yake Adams mmoja wa wale waliokataliwa na mwingine wa kipimo sawa. Yule wa kipimo alisimama wima juu ya manyoya na mkia, ndoana ikigusa maji kidogo tu. Yule wa manyoya marefu alilala ubavu. Tulijaribu mara nyingi, na mara nyingi ikawa vivyo hivyo. Katika inzi wa kuelea, manyoya ya shingoni yapaswa kufika kama mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa mdomo wa ndoana, na mkia uwe sawa na urefu wa mti wa ndoana. Mama alikijua kipimo hicho kwa namba. Sababu yake hakuwahi kuambiwa.

Aliinama juu ya lile karai kwa muda mrefu. "Kumbe ni miguu yake," akasema. "Miaka yote hii nimekuwa nikifunga miguu, nami sijui kuwa ni miguu."

Jumapili baada ya ibada alifuatana nasi mtoni, amevaa viatu vya kanisani, akakaa juu ya jiwe. Adams wake alishuka na maji hatua mbili hivi, na trauti akapanda, akafungua kinywa, akamchukua. Mama alisimama. "Huyu ndiye mnunuzi," akasema, "na hakuna aliyenionyesha yeye ila mtoto wangu." Tangu siku ile, kila amalizapo dazani ya inzi wa kuelea, hutia mmoja katika karai. Hajarudishiwa tena kwa sababu ya kipimo.

Mwezi wa Desemba ukaja, na mtihani wangu ukaja nao. Mgeni wa kwanza niliyepewa alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Nairobi, ambaye hakuwa amevua maishani mwake. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha mlimani, na mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Baba mdogo alikwenda na wageni wengine upande wa juu, akatuacha. Mwalimu akafungua boksi akaniuliza, "Sasa, binti, tuanze na yupi?" Nilitazama maji. Wa kuelea hakuwa na faida, kwa maana hapakuwa na kiduara hata kimoja. Tunutu mdogo asingeonekana katika tope. Nikajiambia kwamba samaki hawezi kusimama katikati ya mkondo wenye nguvu vile, lazima yuko kandokando, penye maji yaliyotulia, na kwamba huko atakiona tu kitu kikubwa cheusi. Nikamfungia Woolly Bugger namba 8. Kabla ya saa sita mwalimu alipata trauti wawili, na furaha yake ilisikika hata ng'ambo ya mto. Baba mdogo aliporudi alilitazama boksi, akamtazama inzi aliyekuwa kwenye uzi, akasema, "Kesho utachukua wageni wawili." Ujira wa likizo hiyo ulilimaliza salio la karo.

Sasa nitoe maonyo machache kwa wenzangu watakaopenda kujaribu. Usivue bila leseni; uliza kwanza katika ofisi ya uvuvi iliyo karibu. Vaa kofia na miwani, maana ndoana inayoruka haina macho, lakini wewe unayo. Bana kijino cha ndoana kwa koleo, ili samaki aweze kufunguliwa bila ya kuchanwa. Kama humchukui kwa kula, lowanisha mikono kabla ya kumshika, kwa kuwa mikono mikavu huondoa ute unaomkinga na maradhi, kisha umshike akielekea mkondo mpaka aende mwenyewe. Mvua ikinguruma mlimani toka majini, hata kama ulipo wewe jua linawaka. Na asiwepo mtu wa kufua nguo au kuosha pikipiki mtoni. Wale tunutu walio chini ya mawe ndio wa kwanza kufa maji yakichafuka, na wakifa wao, hakuna inzi wa bandia atakayemrudisha samaki.

Wako watakaosema kuwa huu ni mchezo wa matajiri na wageni. Mimi nawajibu kwamba mikono inayofunga inzi hao ni ya mama zetu, na mito ni yetu. Ufito wa kwanza waweza kuazimwa, na inzi sita hawalemei mfuko. Mwenye nia na aanze kwa kugeuza jiwe moja, atazame walio chini yake, kisha afungue boksi.